Kanisa Lisilo na Paa: Krismasi katika Historia ya Stanmore

Stanmore iko mwisho wa reli. Treni ya Jubilee ikitoka katikati ya London kwenda kaskazini magharibi, hapo ndipo inapogota. Ukiipita mitaa ya maduka hadi barabara ya Church Road utakuta jambo ambalo si la kawaida hata kwa Uingereza: makanisa mawili ya Mtakatifu Yohana Mwinjili ndani ya kiwanja kimoja cha makaburi. Moja ni la mawe, zima, lina waumini na ibada. La pili ni la matofali mekundu. Kuta zake zipo, mnara wake upo, paa hakuna. Mvua ya Desemba hunyesha moja kwa moja pale ambapo zamani watu walipiga magoti.

Sikukuu ya Mtakatifu Yohana huangukia tarehe 27 Desemba, siku mbili tu baada ya Krismasi, na haikuwekwa hapo bure. Injili yake haisimulii hori, wala wachungaji, wala nyota. Inaanzia mbali zaidi, kabla ya ulimwengu kuumbwa, kisha inafika kwenye dai moja zito: kwamba Mungu mwenyewe alitwaa mwili wa binadamu akaishi kati ya watu. Kanisa huliita fumbo hilo Umwilisho. Liondoe, Krismasi itabaki pilau, nguo mpya na mabasi yaliyojaa ya kwenda Moshi. Likibaki, linazaa swali ambalo watu wa Stanmore wamekuwa wakilijibu kwa vitendo kwa karibu miaka 400: ikiwa Mungu alishuka, sasa anakutwa wapi?

Jibu la kwanza lilijengwa kwa matofali. Sir John Wolstenholme alikuwa tajiri wa London, mwanachama wa Kampuni ya India Mashariki, mmoja wa wale waliokodi kwa mfalme haki ya kukusanya ushuru wa forodha. Alikuwa pia na hamu ya bahari. Alitoa fedha kwa mabaharia waliotafuta njia ya kaskazini kupitia barafu ya Canada, na rasi moja huko inaitwa kwa jina lake mpaka leo. Kanisa la zamani la Stanmore lilikuwa mbali na mahali watu walikohamia, naye akajenga jipya kwa gharama yake. Julai 1632 lilitabarukiwa na askofu wa London, William Laud.

Laud hakuwa mtu wa kutabaruku jengo kwa haraka haraka. Alikuwa anainama, anapiga magoti, anatamka kwamba mahali hapa sasa ni patakatifu. Wapinzani wake walimcheka, na baadaye namna alivyoinama alipotabaruku kanisa jingine mjini London ilisomwa mahakamani kama ushahidi dhidi yake. Lakini alimaanisha alichokifanya. Kwake yeye, Mungu aliyetwaa mwili anahitaji mahali pa kukutwa: meza, mkate, divai, ukuta unaomtenga na kelele za soko. Imani isiyo na mahali huyeyuka ikawa mawazo tu. Mimi naona hapo alikuwa na hoja. Mtoto wa Bethlehemu hakuzaliwa hewani. Alizaliwa katika mji wenye jina, usiku fulani, kwa mama fulani.

Kosa lake lilikuwa kwingine. Mwaka 1637, akiwa sasa askofu mkuu wa Canterbury, Laud alitoa hotuba ndefu mahakamani akieleza kwamba madhabahu ndiyo mahali Mungu anapokaa kwa ukuu kuliko pengine popote duniani. Hotuba hiyo aliitoa siku ya hukumu ya watu watatu, Prynne, Bastwick na Burton, walioandika dhidi ya maaskofu. Hukumu yao ilikuwa kukatwa masikio hadharani, na walikatwa. Yaani mtu yule yule aliyetetea heshima ya Mungu madhabahuni aliona sawa mwili wa binadamu uharibiwe kwa kisu uwanjani. Hicho ndicho kidonda kinachopita katika historia yote ya Stanmore ninayoisimulia hapa.

Kisha vita vikaja, mfalme na Bunge wakapigana, na upepo ukageuka. Desemba 1644 Krismasi iliangukia Jumatano ya mwisho wa mwezi, siku ambayo Bunge lilikuwa limeiweka kuwa ya kufunga na kutubu. Watu walingoja kuona ipi itashinda. Bunge likaagiza watu wafunge, tena kwa majuto zaidi, kwa sababu baba zao walikuwa wameigeuza siku hiyo kuwa ya ulevi na anasa. Laud alikuwa gerezani katika ngome ya Tower akisubiri hatima yake. Tarehe 10 Januari 1645, wiki mbili na siku mbili baada ya Krismasi hiyo ya njaa, alikatwa kichwa. Juni 1647 Bunge likafuta rasmi sikukuu za Krismasi, Pasaka na Pentekoste.

Kwa hiyo kizazi kizima cha Waingereza kilikua kikiambiwa kwamba tarehe 25 Desemba ni siku ya kazi kama nyingine. Maduka yaliamriwa kufunguliwa, na anayeadhimisha alifanya kwa siri. Mwaka 1657 John Evelyn, aliyetuachia kumbukumbu zake za kila siku, alikwenda na mke wake kwenye ibada ya Krismasi katika kikanisa cha Exeter House, London. Mahubiri yalikwisha, Ushirika Mtakatifu ukaanza, askari wakaizingira nyumba. Waumini walipokuwa wakienda kupokea mkate na divai, askari waliwaelekezea bunduki kana kwamba wangewafyatulia pale pale mezani. Hawakufyatua. Waliwaacha wamalize, kisha wakawazuia na kuwahoji: kwa nini mnavunja sheria? Evelyn aliachiliwa baadaye siku hiyo.

Ningependa msomaji asiwadharau Wapuritani, watu hao wa upande wa Bunge waliofuta Krismasi. Hoja zao bado ziko hai kwetu. Kila Desemba wapo wahubiri wa Dar es Salaam na Nairobi wanaozirudia, wengi bila kujua zilikotoka. Biblia haitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Yesu. Sikukuu imejaa pombe. Anayempokea Kristo humpokea kila siku. Yote hayo ni kweli. Lakini walipofuta siku, walimwondolea mtu wa kawaida mlango mmoja wa kumwendea Mungu, wakamwachia kitabu, na wengi wa watu wale hawakujua kusoma. Mkulima anayejua kwamba usiku huu, si usiku mwingine, Mungu alilia kama watoto wanavyolia, ana kitu ambacho mahubiri ya muda wa saa tatu hayampi. Ufalme uliporudi mwaka 1660, Krismasi ilirudi nao, na hakuna aliyehitaji kulazimishwa.

Mashariki kidogo, katika Stanmore Ndogo, jibu jingine lilikuwa linakuja kwa dhahabu na rangi. James Brydges alikuwa mlipaji mkuu wa majeshi ya Uingereza ya ng'ambo wakati wa vita vya urithi wa ufalme wa Hispania, na fedha za jeshi zilipopita mikononi mwake nyingi zilibaki humo. Alijenga jumba la fahari liitwalo Cannons, na kabla kikanisa cha jumba hilo hakijakamilika alilivunja kanisa la kijiji la Mtakatifu Lawrence, akiuacha mnara wa zama za kati, akalijenga upya. Kazi ilifanyika kati ya 1714 na 1716 chini ya msanifu John James. Mwaka 1719 Brydges alifanywa Duke wa Chandos.

Kanisa hilo bado lipo barabara ya Whitchurch Lane, na mtu anayeingia mara ya kwanza husimama mlangoni kwa mshangao. Nje ni jengo la kawaida la matofali. Ndani, hakuna ukuta wala dari isiyochorwa. Darini kuna miujiza ya Kristo iliyochorwa na Louis Laguerre. Nyuma ya madhabahu kiko kinanda cha mabomba, na pande mbili za madhabahu zina picha mbili zinazotazama waumini: upande mmoja Kristo anazaliwa, upande wa pili Kristo ameshushwa msalabani, amekufa. Kati ya picha hizo ndipo kasisi anaposimama. Aliyepanga hivyo alijua theolojia yake. Mwili uliolazwa horini ni ule ule uliolazwa kaburini, na mwumini anayepokea Ekaristi hapo anapokea kati ya kuzaliwa na kufa. Sijui mahubiri ya Krismasi yanayoyasema hayo vizuri kuliko ukuta huo.

Mwaka 1717, kabla hajawa Duke, Brydges alimleta mwanamuziki, Mjerumani kijana wa miaka 32 aitwaye George Frideric Handel. Alikaa naye mpaka 1718, akamtungia nyimbo 11 za ibada, zilizoimbwa na waimbaji wachache walioweza kuenea katika kanisa hilo dogo. Brydges alikaa kwenye roshani yake upande wa nyuma, juu ya wanakijiji, akisikiliza zaburi zilizotungiwa yeye.

Hapa inabidi niseme jambo ambalo Mwafrika hawezi kulipita kimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1720, Duke wa Chandos aliingiza fedha nyingi katika Kampuni ya Kifalme ya Afrika na akawa miongoni mwa waliojaribu kuifufua. Biashara ya kampuni hiyo ilikuwa dhahabu, pembe za ndovu na watu. Ilinunua binadamu kwenye pwani ya Afrika Magharibi ikawauza visiwani kule Karibi. Handel naye aliwahi kumiliki hisa za kampuni hiyo. Duke huyu alisali mbele ya picha ya Mungu aliyezaliwa maskini na picha ya Mungu aliyeuawa kwa hukumu ya wenye nguvu, na picha hizo hazikumzuia. Alikutana na uzuri, na akadhani amekutana na Mungu. Ni hatari iliyo karibu sana na kila mtu anayelia machozi kwenye mkesha wa Noeli kwa sababu kwaya imeimba vizuri.

Utajiri wa Duke haukudumu. Alipoteza sana katika anguko la hisa la mwaka 1720, na alipofariki mwaka 1744 mrithi wake aliachiwa madeni. Cannons iliuzwa mwaka 1747 vipande vipande, nguzo hapa, ngazi pale. Kanisa likabaki.

Na Handel? Yeye aliendelea kushuka, kwa maana njema. Mwaka 1741, akiwa amechoka na amepungukiwa, aliandika ndani ya siku 24 kazi yake inayoitwa Messiah, ambayo sehemu yake ya kwanza ni Krismasi yote, kuanzia unabii hadi wachungaji. Haikuimbwa kwanza kwenye jumba la duke. Iliimbwa Dublin tarehe 13 Aprili 1742, na mapato yalikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni. Inasimuliwa kwamba wafungwa 142 walilipiwa wakatoka. Kuanzia 1750 aliiongoza London kila mwaka kwa faida ya makao ya watoto waliotupwa na mama zao, makao aliyoyaanzisha nahodha Thomas Coram. Muziki uliolelewa katika kanisa la tajiri ulikwenda kuwalisha watoto ambao hakuna aliyewataka. Hisa za zamani hazifutiki, lakini na hili pia lilitokea.

Karne ya kumi na tisa nitaipita upesi. Stanmore ilikua, kanisa la matofali likawa dogo na bovu, na mwaka 1849 Lord Aberdeen, ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu, aliweka jiwe la msingi la kanisa jipya mbele ya Malkia Adelaide, mjane wa mfalme William wa Nne. Adelaide alikuwa Mjerumani, mmoja wa wanawake walioleta Uingereza desturi ya mti wa Krismasi kwa ajili ya watoto. Alifariki mwaka huo huo, mwezi Desemba, katika nyumba ya Bentley Priory, Stanmore. Kanisa la zamani lilianza kubomolewa, paa likaondolewa, kisha watu wakapinga na kazi ikasimama. Ndiyo sababu linasimama wazi hivi.

Lakini Krismasi kubwa kuliko zote za karne hiyo, kwa msomaji wa Kiswahili, haikuwa Uingereza. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar. Mahali pale Mkunazini, ambapo wanawake, wanaume na watoto walipangwa kwa safu wakakaguliwa meno na misuli, palinunuliwa na misheni ya Waanglikana iitwayo UMCA. Na tarehe 25 Desemba 1873, mchana wa Noeli, jiwe la msingi la Kanisa la Kristo likawekwa hapo. Aliyelisimamia jengo hilo ni Edward Steere, mzaliwa wa London, mtu aliyetumia miaka yake kuandika sarufi na kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili. Wenyeji husimulia kwamba madhabahu ilisimamishwa pale palipokuwa na nguzo ya kuchapia watumwa. Steere alifariki mwaka 1882, na amezikwa nyuma ya madhabahu hiyo.

Tazama tofauti. Duke alipamba madhabahu kwa fedha ambazo baadaye zilitafuta faida katika kununua watu. Zanzibar, madhabahu ilichimbiwa msingi katika udongo wa waliouzwa. Laud angefurahi kuona mahali palipotakaswa, na Mpuritani angetaka kujua siku hiyo ina maana gani. Jibu lilikuwa pale chini: siku aliyozaliwa Mungu katika mwili ndiyo siku ya kutangaza kwamba mwili wa binadamu hauuzwi.

Nusu karne baadaye jibu hilo lilirudi London kwa mdomo wa askofu wa Zanzibar. Frank Weston alikuwa amekwisha kuandika kitabu, mwaka 1907, juu ya Umwilisho, akieleza jinsi Mwana wa Mungu alivyokubali kujiwekea mipaka ya kweli ya kibinadamu. Alikuwa pia amewakaripia Waingereza mwaka 1920 kwa kuwalazimisha Waafrika wa Afrika Mashariki kufanya kazi. Julai 1923 aliongoza kongamano kubwa la Waanglikana katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Waliomsikiliza walikuwa watu wa upande wa Laud: wapenda madhabahu, uvumba na tabernakulo. Weston alikuwa mwenzao, hakuwabeza. Aliwaambia kwamba wamepigania haki ya kumhifadhi Yesu katika tabernakulo, na wamefanya vema. Sasa watoke wakamtafute Yesu huyo huyo katika vichochoro vya maskini, kwa waliovaa matambara na waliokandamizwa, na kwamba asiyemwona huko hana haki ya kudai anamwabudu altareni. Mwaka uliofuata alifariki Hegongo, upande wa Muheza, katikati ya watu wake. Nimesoma majibu mengi kuhusu mahali Mungu wa Krismasi anapokutwa. Hili ndilo ninaloliamini.

Stanmore ilikuwa na mtu aliyelijua jibu hilo kabla ya hotuba. Mwaka 1884 Mary Wardell alifungua huko, Brockley Hill, nyumba ya kuwapumzisha waliougua homa nyekundu, ugonjwa wa kuambukiza ambao ulifanya watu wafungiwe milango hata na ndugu zao. Mwaka 1922 mahali hapo palichukuliwa na hospitali ya mifupa, na watoto wenye kifua kikuu cha mifupa walilazwa miezi na miezi katika wodi zilizoachwa wazi upande mmoja ili wapate hewa safi, hata majira ya baridi. Hospitali hiyo bado ipo.

Kisha ikaja 1972. Tarehe 4 Agosti Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wenye pasipoti za Uingereza waondoke Uganda ndani ya siku 90. Septemba, halmashauri ya mji wa Leicester ilinunua nafasi katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije kwao, kwa kuwa nyumba na shule zimejaa. Hadithi ya Mariamu aliyekosa mahali pa kulala haihitaji ufafanuzi zaidi ya tangazo hilo. Walikuja watu wapatao 28,000. Maelfu yao walipokewa katika kambi 16, nyingi zikiwa kambi za zamani za jeshi, na wapo waliokuwa bado humo Desemba ilipofika: Wahindu, Waislamu, na Wagoa Wakatoliki waliozoea kuimba Noeli kwenye joto la Kampala.

Watu wengi wa Afrika Mashariki wenye asili ya Kiasia walihamia Harrow na vitongoji vyake. Ndiyo maana leo, barabara ya Wood Lane, Stanmore, kuna kituo cha Waislamu wa Khoja Shia Ithna-asheri, na wazee wake wanaweza kukuzungumzisha Kiswahili cha Unguja, Mombasa au Dar es Salaam bila kutafuta maneno. Hawa hawaamini kwamba Mungu alitwaa mwili, na Mkristo asijifanye kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Lakini Kurani ina sura nzima yenye jina la Maryam, na ndani yake mwanamke anazaa peke yake, akiwa na uchungu, chini ya mtende. Juu ya mama huyo aliyekosa msaada, jirani zangu hawa wanaelewa mengi kuliko Wakristo wengi waliojaa madukani Desemba.

Kwa hiyo nakuomba, ndugu yangu Mkristo uishiye London: nenda kwenye ibada, na ukiweza, nenda Whitchurch Lane ukazitazame zile picha mbili. Pokea Ekaristi. Kisha kumbuka kwamba tarehe 25 Desemba treni za jiji hazitembei kabisa, wala mabasi, na wauguzi, wahudumu wa wazee na wafagizi, wengi wao kutoka kwetu, wana zamu kama kawaida. Wapo wanaotembea kwa muda wa saa mbili usiku kwenye baridi ili wafike kazini. Kama una gari, waulize sasa, kabla ya sikukuu, nani anahitaji kupelekwa, na uandike majina yao.